Sarafu Iliyozidi Uzito

Dukati halali, ile sarafu ya kale ya dhahabu, ina uzito wa gramu tatu na nusu. Haipungui wala haizidi ila kwa kiasi cha unywele. Walburga Diehl alilijua hilo tangu akiwa na miaka minane, maana baba yake alimfundisha sarafu kabla hajamfundisha baiskeli. Kisha akakaa miaka thelathini na minne katika duka la dawa la Kaltenwörth akipima poda kwa mizani ndogo ya shaba, na mizani hiyo alipostaafu alikwenda nayo nyumbani. Ikisema kitu, yeye huamini.

Asubuhi ile ya Oktoba, kwa dukati aliyoletewa jana, ilisema gramu nne na robo.

Akaipangusa sahani ya mizani. Akapima tena. Nne na robo.

"Bandia hiyo," Eugen mumewe alisema kutoka jikoni, mdomo umejaa mkate. "Rudi wa machimboni amekupa kifungo cha koti."

"Bandia huwa nyepesi," Walburga akajibu. "Mwizi huiba dhahabu, haongezi. Umewahi kuona mwizi anayekutilia pesa mfukoni?"

"Nimewahi kuona mwanamke anayeamka na kutazama uso wa mtawala aliyekufa kabla ya uso wa mumewe."

"Mtawala huyu hakoromi."

Eugen alicheka hadi vikombe vikatikisika kabatini. Alikuwa mtu wa mwili, kilo tisini na sita, dereva wa treni aliyestaafu, na kila kitu chake kilikuwa na kishindo: kicheko chake, chafya yake, hata namna alivyokaa kwenye kiti. Miaka yote alimtania mkewe kuhusu zile sarafu, na miaka yote ni yeye aliyempeleka kwenye minada ya Frankfurt na Munich, akamsubiri nje na gazeti lake, na akamshika mkono mkewe alipotoka mikono mitupu.

Walburga hakukusanya kila sarafu. Zamani, Ujerumani ilipokuwa imegawanyika kuwa vijidola vingi, kila kimoja na mtawala wake, watawala wa kandokando ya mto waliwatuma maskini kuosha mchanga wa Rhine wakitafuta chembe za dhahabu. Walisimama majini hadi mapajani, majira yote, kwa ujira wa mkate. Chembe zikikusanywa miaka mitatu au minne, zilitosha kupiga dukati chache tu. Hizo ndizo alizozitaka Walburga, dukati za dhahabu ya mto. Alikuwa nazo kumi na moja: saba za baba yake, nne zake. Moja ilikosekana, ya watawala wa Pfalz, yenye mji na mto umechorwa nyuma, na maneno ya Kilatini yasemayo, "Hivi ndivyo zing'aavyo kingo za Rhine." Baba yake aliitafuta miaka arobaini, akafa akiitaja.

Kisha jana yake, siku ya Jumatano, Rudi Wessa akabisha hodi.

Rudi aliendesha kreni kwenye machimbo ya changarawe, pale mkono wa zamani wa mto ulipochimbwa ukawa ziwa. Walburga alimjua tangu akinyweshwa dawa ya kikohozi. Alisimama mlangoni akiwa na leso iliyofunguliwa kiganjani, na katikati ya leso ilikuwapo ile sarafu.

"Ilinasa kwenye chekeche," alisema. Hakuwa akimtazama usoni. "Watu wanasema wewe unazipenda."

Walburga aliinama juu ya leso. "Unataka kiasi gani, mwanangu?"

"Sitaki kitu, Mama Diehl. Ila chukua mwenyewe. Mimi sikuwekei mkononi. Na useme kwamba umeitaka."

"Nimeitaka. Nani asiyeitaka?"

Akaichukua. Rudi alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akageuka, akaenda zake mbio mbio hata kofia yake ikabaki kwenye kizingiti. Walburga alipaswa kujiuliza. Lakini mwenye kiu haulizi kisima kilichimbwa na nani.

*

Alipofungua mtoto wa meza Ijumaa, mahameli ilikuwa imelowa. Zile sarafu kumi na moja zilikuwa kavu katika vitanda vyao, lakini kitanda cha ile ya kumi na mbili kilikuwa chapachapa, na palinuka tope, lile tope jeusi la chini kabisa ya mto ambalo halijaona jua. Akakausha kwa kitambaa. Akapima. Gramu sita.

Hakumwambia Eugen. Aliona aibu, mtu wa vipimo kama yeye, kusema kwamba dhahabu imenenepa.

Jumapili saa kumi jioni, walipokuwa mezani na kahawa na keki ya boga, Eugen aliinua kichwa, akamwita mkewe kwa jina la utani.

"Burgel, nani anachekecha unga huko chini?"

Walikuwa wawili tu nyumbani. Walburga akasikiliza. Mwanzoni hakusikia kitu ila saa ya ukutani. Kisha akasikia, chini ya sakafu, kule ghalani walikoweka viazi na chupa za mvinyo: *shaa*... kimya... *shaa*... Mchanga unaoteremshwa na maji juu ya ubao. Polepole, bila haraka, kama kazi ya mtu ambaye ana siku nzima mbele yake.

"Ni mabomba," alisema.

"Mabomba hayapumziki kati," Eugen akasema. Akashuka kwenda kutazama. Akarudi akasema hakuna kitu, ila sakafu ya ghala imetoa jasho. Vijiji vya kandokando ya mto ndivyo vilivyo, maji yakijaa huko, huku hupenya chini ya nyumba. Walburga akakubali. Lakini mto haukuwa umejaa. Vuli ile ulikuwa umekauka hata mawe yalionekana.

Wiki iliyofuata walikuta mchanga kwenye mkate. Mchanga mwororo wa kijivu, unaolia kwenye meno. Wakamlaumu mwokaji. Ukaonekana kwenye shuka, upande wa Eugen tu. Ukaonekana sikioni mwake alipokuwa akinyolewa, na kinyozi akamtania kwamba ameanza kulala ufukweni uzeeni. Eugen alicheka akimsimulia mkewe jikoni, lakini kicheko kile kilitoka kidogo, na vikombe kabatini havikutikisika.

Kilichomtia Walburga hofu hasa kilikuwa ukimya. Ngazi ya kwenda juu ilikuwa na kidaraja cha nne ambacho kililia chini ya Eugen kila siku kwa miaka ishirini na sita. Siku ya Alhamisi Walburga alikuwa amesimama jikoni akimenya vitunguu, akageuka, akamkuta mumewe nyuma yake.

"Umeshuka saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Sikukusikia."

"Basi nami nimejifunza adabu," alisema, akaketi kwenye kochi, na Walburga akaona kwa macho yake kwamba kochi halikubonyea.

Akamshika mkono akampeleka bafuni, akampandisha kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye sitini na moja. Akamtazama: tumbo lilelile, mashavu yaleyale, mkanda kwenye tundu lilelile. Hakuwa amekonda hata kidogo. Alikuwa mkubwa vilevile, ila mwepesi. Daktari alimpapasa, akamsikiliza, akampima damu, akasema mzee ana moyo wa farasi, waende wakanunue mizani mpya. Wakanunua. Mizani mpya ikasema hamsini na nne.

Asubuhi iliyofuata Walburga alikwenda kwenye meza ya sarafu, akavuta ule mtoto wa meza, nao haukusogea. Akavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja umekita ukutani, na mbao zikapiga kelele, na alipoufungua kidogo akaiona ile sarafu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, inang'aa kuliko jana, imezama kwenye mahameli kama jiwe lililotupwa kwenye unga. Akajaribu kuiinua kwa vidole viwili. Haikuinuka. Ndipo alipoelewa, maana kazi yake ilikuwa kupima, na kinachopungua upande huu lazima kimekwenda upande mwingine.

*

Alimkuta Rudi machimboni, kwenye kibanda cha wafanyakazi. Rudi alipomwona alisimama, na wenzake wakatoka bila kuambiwa.

"Nani kwenu?" Walburga aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama," Rudi akasema.

Walburga alikumbuka mazishi ya Gertrud Wessa, mwezi Septemba. Moyo, watu walisema.

"Jeneza lilikuwa jepesi, Mama Diehl. Wabebaji walitazamana. Tulimzika kama watu wanaozika koti. Na siku ileile aliyokufa, sarafu ikawa nyepesi tena, kama mtu aliyekwenda kutua mzigo mahali akarudi." Alifuta pua kwa mkono. "Ikaanza na binti yangu. Ana miaka mitatu. Nilimwinua asubuhi nikaona... nikaona..."

"Ukaniletea mimi."

"Nilikuletea wewe."

"Nami nina mume, Rudi."

"Najua. Nipige. Nitemee mate. Siwezi kukuambia najuta, maana binti yangu sasa ni mzito."

Walburga hakumpiga. Alitoka akaenda moja kwa moja kwa Bibi Orth.

Bibi Orth alikuwa na miaka themanini na minne, na watu wa pale walimwendea kwa vidonda vya moto, kwa mkanda wa jeshi, kwa watoto wasiolala. Mapadri walijua wakanyamaza. Alimsikiliza Walburga hadi mwisho bila kuacha kumenya tufaha. Kisha akaweka kisu chini.

"Mto ule una mwenyewe, binti," alisema. "Bibi yangu alikuwa binti wa muosha dhahabu. Hawakuingia majini bila kumwachia kitu mwenyewe. Mkate, au maziwa. Wale wasioacha kitu, aliwachukua." Wajerumani wana jina lao la viumbe hao, sisi tutamwita jini, maana ndiye. "Nitakuja kesho. Usimwache mzee peke yake."

Alipokuja, ile meza ilikuwa imeshavunjika. Mtoto wa meza ulitoboka saa tano asubuhi kwa mshindo uliotikisa madirisha, sarafu ikapasua ubao wa sakafu, ikaanguka ghalani, ikachimba sementi. Na Eugen alikuwa jikoni, ameketi kitini na gunia la viazi mapajani, maana bila gunia aliinuka kitini.

"Karibu, Bibi Orth," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama inayotoka chumba cha pili. "Tazama mambo. Miaka arobaini nimeendesha treni za tani mia nane, leo nashikiliwa na viazi."

Bibi kizee hakucheka. Alifunga mapazia, akawasha mishumaa mitatu, akamwaga chumvi kuizunguka miguu ya kiti, akaanza kunong'ona maneno ambayo Walburga alisikia ndani yake majina ya watakatifu na majina mengine asiyoyajua. Kwa muda hakuna kitu. Halafu ile sauti ya chini ikaanza, *shaa*, kimya, *shaa*, lakini sasa si chini tena, ilikuwa ndani ya kifua cha Eugen, kila alipovuta pumzi mchanga ulishuka na kila alipoitoa maji yalirudi, na harufu ya tope jeusi ikajaa jikoni hata miali ya mishumaa ikalala, na kichwa cha Eugen kikainama taratibu mpaka kidevu kikagusa viazi, kisha kikainuka, na aliyewatazama hakuwa Eugen.

"Wewe ni nani?" Bibi Orth akauliza.

"Ninayepima," akasema. Kilikuwa Kijerumani cha kale, cha watu wa mtoni, kila neno limelowa. "Walinipima chembe kwa chembe. Wakanitia motoni, wakanipiga nyuso za watu wao. Nami napima."

"Unataka nini?"

"Kilicho changu."

"Ukipewa kilicho chako, utafanya nini?"

Midomo ya Eugen ikatabasamu, na mchanga ukamwagika pembeni. "Nikipewa chote, nitatosheka. Nitatulia. Sitabisha tena katika nyumba hii."

Kichwa kikaanguka. Eugen akakohoa, akaomba maji, kisha akayakataa.

"Umesikia," Bibi Orth alisema. "Anataka dhahabu yake. Na amesema *chote*."

Walburga hakungoja. Watu wengine wangesimulia kwamba alisita, kwamba alificha moja, kwa sababu ndivyo watu wanavyowadhania wakusanyaji. Hakusita. Alizichukua zile kumi na moja, za baba yake na zake, kila moja akiijua kwa mkwaruzo wake, akazitumbukiza katika mfuko wa aproni kama njegere. Kisha wanawake wale wawili wakashuka ghalani, maji yamefika vifundoni, wakaichimbua ile ya kumi na mbili kwa koleo na mtaimbo, wakaipandisha kwa ubao, hatua kwa hatua, hadi kwenye toroli.

Ukungu ulikuwa mzito. Walisukuma toroli katika barabara ya kijiji, mmoja ana miaka sitini na miwili, mwingine themanini na minne, gurudumu linazama kwenye lami, na ndani ya toroli mna kitu kimoja tu, kidogo kama kifungo.

"Bibi Diehl!" jirani aliyekuwa akifagia aliita. "Mnahamisha mawe?"

"Mawe," alisema Walburga.

Kwenye ukingo wa mkono wa zamani wa mto alizitupa kwanza zile kumi na moja, mojamoja. Zililia majini kama mvua. Ile ya mwisho walipoinamisha toroli haikulia. Maji yaliachana yakaipokea, yakafunga, yakawa laini kama kioo. Na mara ukungu ukanyanyuka, bata wakaanza kelele, harufu ikapotea. Walburga alilia kwa shukrani. Alimbusu Bibi Orth mikono yote miwili.

*

Waliporudi, jikoni palikuwa kimya. Gunia la viazi lilikuwa sakafuni.

Eugen alikuwa ameshika kwa mikono miwili ule upau wa chuma wa kukaushia mataulo mbele ya jiko, na mwili wake wote, ule mwili mkubwa wenye sweta ya bluu, ulikuwa umeinuka nyuma yake, ukiyumba polepole kama nguo iliyosahauliwa mtoni, na miguu yake ilielekea dirishani, upande wa maji.

"Burgel," alisema. "Nimechoka vidole."

Walburga alimrukia akamkumbatia kiunoni. Alikuwa mzito kama shati.

Nyuma yake Bibi Orth aliketi chini sakafuni, taratibu, kama mtu aliyekatwa magoti. "Hakusema *dhahabu*," alinong'ona. "Ni mimi niliyesema dhahabu. Yeye alisema *kilicho changu*. Uzito wake ulikuwa ndani ya ile sarafu, binti. Mumeo alikuwa ndani. Naye tumemsukuma kwa toroli, mimi na wewe, tukampelekea."

"Tutaitafuta! Tutazamisha wavu, Rudi ana kreni, tuta..."

"Kapokea. Jini hadanganyi. Husema nusu, nusu ya pili unaijaza mwenyewe."

Walburga alimfunga mumewe kwa kamba ya kuanikia nguo, akamfunga kwenye jiko, kwenye kiti, kwenye mwili wake mwenyewe, na kamba zote zilimkata kifua kwa sababu mvuto ule haukuacha wala haukuzidi, ulikuwa ni uleule kila dakika, kama mkondo, na Walburga alikaa naye sakafuni amemzungushia mikono na miguu tangu saa tisa mchana hadi giza likaingia hadi likaanza kutoka, mikono imekufa ganzi, akimwambia mambo ya zamani, ya ile ngoma ya mavuno walipokutana, ya Frankfurt, akimwambia asinyamaze, na yeye akijibu, kila mara kwa mbali zaidi, mpaka kulipopambazuka akasema kwa sauti yake kabisa, sauti ya mtu mzima mwenye akili zake:

"Burgel. Niachie."

"Siachii."

"Inaniuma. Si mwili unaoniuma. Ni kukosa mwili. Mimi niko kule, mke wangu, hiki ulichoshika ni ganda. Nifungulie mlango nitoke kama watu, nisije nikatoka dirishani kama mwizi."

Akafungua kamba. Akamshika mkono, wakatoka, yeye akitembea, mumewe kando yake vidole vya miguu vikigusa umande kwa mbali, na mtu ambaye angewaona kwa nyuma angesema hao wazee wanakwenda kucheza dansi. Juu ya tuta la mto Walburga alisimama. Hakuna aliyemlazimisha. Alifungua kidole kimoja, kisha cha pili, kisha vyote. Eugen alikwenda chini chini juu ya matete, bila haraka, akageuza uso mara moja, akamwangalia. Kisha akafika katikati ya maji, akashuka wima, kama mtu anayeteremka ngazi, na maji hayakutoa hata duara.

Bibi Orth hakuinuka tena kitandani mwake baada ya siku ile. Alikaa wiki nzima ameelekea ukutani, akafa.

Siku ya tatu Rudi Wessa alikuja, saa sita mchana, ameshika kofia mkononi. Hakukaribishwa akaingia mwenyewe, akasimama ndani ya mlango, mgongo kwenye makoti.

"Amepatikana," alisema. "Chini ya machimbo. Wazamiaji wa zimamoto walimwona, amesimama kwenye mchanga, macho wazi. Wanaume sita hawakuweza kumtikisa. Wakaniita na kreni."

Walburga aliketi kitini, mikono mapajani.

"Kreni yangu inainua tani kumi, Mama Diehl. Ililia. Niliinua inchi kwa inchi hadi kichwa kikatoka, na mabega. Hakuwa peke yake. Walikuwa wamemshika miguu, wengi, hadi chini nisikoweza kuona, na aliyemshika kisigino..." Alikunja kofia mkononi. "Nilimtambua kwa kitambaa cha kichwani. Mimi ndiye niliyemnunulia mama."

"Alisema kitu? Eugen alisema kitu?"

"Usiniulize."

"Rudi."

"Alisema, 'Mwambieni mke wangu asije. Mfungieni, lakini asije.' Wote tulisikia. Mkuu wa zimamoto alipiga ishara ya msalaba. Halafu mumeo akafunga mdomo, akatabasamu, mchanga ukamtoka, akasema, 'La. Mwambieni aje. Tumembakizia nafasi.' Kisha kamba ya chuma ikakatika."

Nje, jirani alikuwa akifagia njia yake. Walburga alikuwa ameishi na sauti ya Eugen miaka thelathini na saba. Hakuhitaji kuambiwa ni neno lipi lilikuwa la mumewe na lipi lilikuwa la yule mwingine. Alilijua kama ajuavyo uzito wa dukati. La Eugen lilikuwa lile la kwanza. Hata hivyo akasimama, akanyoosha sketi yake.

"Koti langu liko nyuma yako, mwanangu," alisema. "Nipishe."

Rudi alifungua mdomo kumkataza, akainua mkono nusu. Alikuwa na nguvu za kumzuia mama wa miaka sitini na miwili kwa kidole kimoja. Alimtazama machoni, akamkumbuka mama yake, akamkumbuka binti yake aliyelala nyumbani, mzito, salama, na ile nafasi moja iliyobaki mtoni.

Akampisha.